Traka inalala kwa mikroampia, ikiamka inavuta ampia 2: nipime mkondo vipi bila kuizima?

traka_moro

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa vipimo. Mzunguko wenyewe unafanya kazi, ila namba zinanikataa.

Kifaa ni traka ya pikipiki. Ubongo ni bodi ya Arduino Pro Mini ya 3.3 V (chipu ya ATmega328P), kuna modemu ya simu ya SIM800L na moduli ya GPS. Modemu na GPS zote zinakatiwa umeme na MOSFET ya P-chaneli (swichi ya kielektroniki) kifaa kikilala. Betri ni 18650 moja ya 2600 mAh kupitia bodi ya kuchajia ya TP4056 yenye ulinzi. Kila saa moja inaamka kama sekunde 40, inatuma mahali pikipiki ilipo, inalala. Kwa hesabu ya karatasini, ikilala kwa mikroampia 80 na ikiamka kwa wastani wa 90 mA, ilitakiwa ifike siku 80. Inakata kwenye siku ya 30 hivi.

Nilivyopima mpaka sasa:

- DT-830 (multimita ya kawaida), tundu la 10 A: ikilala inasoma 0.00. Ikiamka namba zinarukaruka, 0.05, 0.28, 0.11, hazitulii.
- DT-830, tundu la mA, renji ya 200m: modemu ikianza kutafuta mtandao inazima, inawaka, inazima. Mwisho fyuzi ya mita imeungua.
- Pawasaplai ya mezani ya 30 V 5 A: skrini 0.00 A ikilala.
- Keithley 2400 ya maabara ya chuo: nimeweka 3.9 V na ukomo wa mkondo 1 A. Nilidhani hii ndiyo itamaliza ubishi, lakini modemu inajizima vilevile.

Nataka namba mbili: mkondo wa kulala, na wastani wa mkondo ikiwa macho. Nakosea wapi? Na hiyo 2400 naiwekaje?

---

shanti_ndogo

Mkuu, tuanze na ile DT-830. Mita ya ampia haichungulii mkondo kwa pembeni. Mkondo unapita ndani yake, kwenye rizista ndogo tunayoiita shanti, na mita inasoma volti zilizoangukia kwenye hiyo rizista. Volti hizo zinakatwa kwenye mgao wa kifaa chako. Mita inakula kwanza, modemu inapata kilichobaki.

DT-830 imejengwa juu ya kipimo cha 200 mV. Maana yake kila renji ya mkondo, ukifika mwisho wake, mita imekula 200 mV. Kwa hiyo renji ya 200m ina kama ohm 1 ndani, 20m ina ohm 10, 2000µ ina ohm 100. Juu ya hapo ongeza fyuzi na zile waya zake nyembamba.

Sasa weka SIM800L hapo. Inataka 3.4 V mpaka 4.4 V. Ikirusha, inavuta mpaka ampia 2 kwa mikrosekunde 577, inapumzika, inarudia kila milisekunde 4.615. Ampia 2 kwenye ohm 1 ni volti 2. Betri ya 3.9 V, modemu inaona 1.9 V. Lazima izime. Na fyuzi yako: ampia 2 kwa sehemu moja ya nane ya muda ni wastani wa 0.25 A, na fyuzi za mita hizi nyingi ni za 200 mA. Imeungua kwa haki yake.

Mita ya bei kubwa haikuokoi hapa. Fluke 87V kwenye tundu la mA inakula 1.8 mV kwa kila mA, yaani ni kama ohm 1.8. Modemu ingezima vilevile. Tundu lake la A ndilo linakula kidogo, 0.03 V kwa ampia.

Tundu la 10 A la DT-830 lina shanti ya kama 0.01 ohm, ndiyo maana modemu iliishi. Lakini hatua yake ndogo kabisa ni 10 mA. Mkondo wa kulala wa mikroampia 80 ni mdogo mara 125 kuliko hatua hiyo. Utasoma 0.00 hata mwaka mzima. Na kurukaruka ikiwa macho ni kwa sababu mita inasoma mara mbili tatu kwa sekunde, wakati modemu inarusha zaidi ya mara 200 kwa sekunde hiyohiyo.

Kati ya 80 µA na 2 A kuna tofauti ya mara 25,000. Usitafute renji moja ya kukupa zote. Pima mara mbili, kwa njia mbili.

Mkondo wa kulala. Badilisha fyuzi kwanza. Weka mita kwenye njia ya chanya ya betri, halafu weka swichi ya kawaida sambamba na mita, yaani swichi ikiwashwa mkondo unaipita mita pembeni.

1. Swichi iwe imewashwa, mita iwe renji ya 20m. Washa traka.
2. Iache itume, imalize, ilale. Subiri nusu dakika kapasita zitulie.
3. Zima swichi. Mkondo wote sasa unapita kwenye mita. Soma.
4. Ukiona chini ya 2 mA, washa swichi tena, ndipo ugeuze kitufe kwenda 2000µ, kisha zima swichi usome.
5. Washa swichi kabla saa ya kuamka haijafika.

Hatua ya 4 msiruke. Ukigeuza kitufe cha renji wakati mkondo unapita, njia inakatika kwa kitambo kidogo kati ya mguso na mguso. Kifaa kinawaka upya na unaanza kupima kitu kingine kabisa huku ukidhani ni usingizi.

Kwenye 2000µ, mikroampia 80 zinakula 8 mV tu. Hakuna kitakachoshtuka.

Mkondo wa kuamka. Hapa achana na mita ya ampia. Chukua rizista mbili za 0.1 ohm, 1 W, asilimia 1, ziunge sambamba upate 0.05 ohm. Kwa ampia 2 inakula 100 mV, modemu inavumilia. Iweke upande wa hasi, kati ya hasi ya betri na gandi ya bodi.

Waya za kusomea volti zilehemu kwenye miguu ya rizista yenyewe, karibu kabisa na mwili wake. Usisomee kwenye terminali ya betri au kwenye bodi. Waya wa shaba wa 0.5 mm² wenye sentimita 10 una kama miliohm 3.4. Ukisomea mbali, sentimita 10 kila upande, umeongeza karibu miliohm 7 kwenye shanti ya miliohm 50. Hilo ni kosa la asilimia 14 na hakuna chombo kitakachokuonya. Hii ndiyo habari yote ya kupima kwa waya nne: mbili zinabeba mkondo, mbili zinasoma volti, na zile za kusoma hazibebi mzigo kwa hiyo urefu wake hauna neno.

Kama una osiloskopu: probu kwenye x1, siyo x10, kwa sababu unasoma milivolti na x10 inakuongezea kelele. 20 mV kwa kisanduku, 1 ms kwa kisanduku, trigi kwenye 50 mV. Utaona mirusho ya mikrosekunde 577 imepangana.

Kama huna, tengeneza wastani kwa kichujio: rizista ya 10 k kutoka kwenye shanti kwenda kapasita ya 100 µF, kisha soma kapasita kwa DT-830 renji ya 200m ya volti. Inachukua sekunde chache kutulia, halafu namba inakaa. Mita hiyo ina ukinzani wa ohm milioni 1 kwenye volti, kwa hiyo ile 10 k inakupunguzia asilimia 1, achana nayo. Hatua ya 0.1 mV kwenye shanti ya 0.05 ohm ni 2 mA. Kwa wastani wa 90 mA inatosha.

Jambo la mwisho, tafadhali: ukimaliza kupima ampia, ondoa waya nyekundu kwenye tundu la 10 A. Kwenye DT-830 nyingi tundu hilo halina fyuzi. Ukiisahau hapo ukaenda kupima volti za 18650, umepiga betri shoti.

---

benchi_la_fundi

Nakubaliana na mkuu hapo juu. Naongeza mambo mawili.

Badala ya swichi unaweza kuweka daiodi ya Schottky, 1N5822, sambamba na rizista ya ohm 100. Ikilala, mkondo unapita kwenye rizista na unasoma milivolti. Ikiamka, daiodi inafunguka yenyewe na kubeba ampia zote. Huhitaji kukaa na kidole kwenye swichi.

La pili, waya zako za mamba. Zile za rangi rangi zinazouzwa kwa fungu nyingi ni chuma kilichopakwa shaba, sumaku inazishika. Zipime hivi: weka pawasaplai kwenye ukomo wa 1 A, piga shoti matokeo yake kwa hiyo waya, halafu soma milivolti kati ya ncha na ncha ya waya kwa mita nyingine. Kwa 1 A, kila milivolti ni miliohm moja. Ukisoma 240 mV, waya ina 0.24 ohm, na zikiwa mbili ni karibu nusu ohm. Modemu ikivuta ampia 2 umepoteza volti 1 njiani, wakati skrini ya pawasaplai inasema 3.90 bila wasiwasi. Skrini inasoma kwenye matundu yake, haijui kinachoendelea mwisho wa waya. Tengeneza waya zako mwenyewe, shaba ya 1.5 mm², fupi, zilehemu.

Na kwa anayejaribu LED au kitu laini kwenye pawasaplai hizi: ukomo wa mkondo haukulindi papo hapo. Kwenye matokeo kuna kapasita iliyojaa, nayo inajimwaga yote kabla ukomo haujaamka. Unganisha kwanza volti zikiwa sifuri, ndipo upandishe polepole.

---

shanti_ndogo

Hilo la waya naliunga mkono. Kuhusu Schottky ya kupimia mikroampia, hapana mkuu. Schottky inavuja, na 1N5822 ni kubwa, kwa hiyo inavuja zaidi. Kwenye 8 mV tu tayari inaweza kuiba mikroampia kadhaa, na joto la chumba likipanda inaiba zaidi. Kwenye kipimo cha 80 µA unaweza kukosea asilimia 10 na kosa lenyewe linabadilika asubuhi na mchana. Daiodi ya silikoni ya kawaida haivuji hivyo, lakini kwa ampia 2 inakula karibu volti 1, modemu inazima. Ukisema Schottky ni ya kujua tu kama kifaa kimelala au hakijalala, sawa. Kwa namba ya kuweka kwenye hesabu, swichi.

---

maabara_50Hz

Nijibu upande wa 2400, maana hiki ni chombo kizuri kinachotumiwa vibaya sana.

2400 ni SMU, yaani pawasaplai na mita kwenye mwili mmoja: inatoa volti inapima mkondo, au inatoa mkondo inapima volti, na inaweza pia kuvuta mkondo kutoka kwenye kifaa. Lakini kila chombo kina mwisho wake. 2400 ni ya 1 A mpaka 20 V, au 0.1 A ukienda mpaka 200 V. Modemu yako inataka ampia 2. Ikifika 1 A chombo kinaacha kushikilia volti na kinaanza kushikilia mkondo, volti zinaporomoka, modemu inazima. Hicho ndicho ulichoona. Angalia skrini: maandishi ya ukomo yanaanza kupepesa.

Mtu atakwambia weka kapasita kubwa. Fanya hesabu kwanza. Upungufu ni 1 A kwa mikrosekunde 577, na 1000 µF inashuka 0.58 V kila mrusho. 2200 µF inashuka 0.26 V, na hapo hujahesabu ukinzani wa ndani wa kapasita yenyewe. Modemu inaweza kuishi, ila sasa umeharibu kipimo cha kulala. Kapasita za elektroliti zinavuja. Kanuni ya watengenezaji wengi ni 0.01 × C × V kwa mikroampia, kwa hiyo 1000 µF ya 10 V inaruhusiwa kuvuja mpaka 100 µA kwenye volti yake kamili. Kwa 3.9 V inavuja kidogo kuliko hapo, lakini ile iliyokaa kabatini muda mrefu inavuja zaidi dakika za kwanza. Unatafuta 80 µA huku kapasita nayo inakunywa. Na mzigo mkubwa wa kapasita unaifanya SMU yenyewe iyumbe.

Kwa hiyo 2400 itumie kwa usingizi tu. Kuamka waachie shanti na osiloskopu.

Usichomoe modemu kwa ajili ya kipimo hiki, maana huenda mvujo unapitia humo humo. Badala yake andika programu fupi: iweke pini zote kama zinavyokuwa wakati wa kulala, izime MOSFET, ilale, isiamke. Kisha itumie 2400 amri hizi kutoka kwenye kompyuta:

```
*RST
:SYST:LFR 50
:SOUR:FUNC VOLT
:SOUR:VOLT:RANG 20
:SOUR:VOLT 3.9
:SENS:FUNC "CURR"
:SENS:CURR:PROT 0.1
:SENS:CURR:RANG 0.1
:SENS:CURR:NPLC 10
:OUTP:SMOD HIMP
:OUTP ON
```

Subiri kifaa kilale, ndipo ushushe renji: `:SENS:CURR:RANG 0.01`, kisha `:READ?`. Inarudisha namba tano. Ya pili ndiyo mkondo.

Renji ndiyo inayoua watu kwenye 2400. Ukichagua renji ya 100 µA, chombo hakitaruhusu mkondo kupita zaidi ya kidogo tu juu ya hapo, hata kama ukomo uliouandika ni 0.1 A. Kifaa kikijaribu kuamka kidogo tu, volti zinaanguka. Ndiyo maana nimekuacha kwenye 10 mA. Renji hiyo inasoma kwa hatua ya 100 nA, na hiyo inatosha kabisa kwa kazi yako. Renji ya kujichagulia yenyewe iache imezimwa.

`:SYST:LFR 50` inahusu umeme wa ukutani. Chombo kinapima kwa kukusanya kwa muda wa mizunguko kamili ya umeme ili mvumo wa gridi ujifute wenyewe. Kwetu ni 50 Hz, mzunguko mmoja ni milisekunde 20, na NPLC 10, yaani mizunguko 10, ni milisekunde 200. Vyombo vingi vilivyotumika vinatoka Marekani, kwenye 60 Hz. Kikibaki kimewekwa 60, mizunguko haikamiliki na namba ya mwisho inacheza juu chini bila sababu unayoiona.

`:OUTP:SMOD HIMP` ni kwa siku utakayounganisha betri badala ya traka. Hali ya kawaida ya kuzima matokeo kwenye 2400 haikati waya, inaweka volti sifuri. Betri iliyounganishwa hapo inaendelea kuvutwa mkondo wakati taa ya matokeo imezimika. HIMP inafungua rilei kabisa.

Waya nne (`:SYST:RSEN ON`) kwa 80 µA hazina faida. Waya yenye nusu ohm inakula mikrovolti 40. Ziwashe ukipima rizista ndogo au mkondo wa karibu 1 A. Na ukiziwasha, hakikisha waya za kusomea zimeshika kweli. Chanzo kisichoona volti za kwenye kifaa kinaweza kuendelea kupandisha.

---

traka_moro

Wakuu nashukuru sana. Nimefanya kwa swichi na DT-830, kisha nikarudia kwenye 2400. Zinakubaliana.

Kulala: 1.92 mA. Siyo 0.08.

Kuamka: shanti ya 0.05 ohm na kichujio, 4.5 mV, yaani 90 mA wastani kwa sekunde 40.

Jambo moja limenichanganya. Nikiunganisha USB ya kuangalia ujumbe wa seriali, shanti kwenye osiloskopu inasoma pungufu, na mkondo wa kulala kwenye mita unashuka chini ya 1 mA. Nikichomoa USB unarudi. Ipi ni kweli?

---

shanti_ndogo

Ya bila USB ndiyo ya kweli. USB imekupa makosa mawili kwa mpigo.

La kwanza: gandi ya osiloskopu imeungwa na ardhi ya ukutani. Laptop ikiwa kwenye chaja yenye pini tatu, gandi yake nayo ni ardhi ileile. Umeshika gandi ya osiloskopu upande wa hasi ya betri, na gandi ya laptop upande wa bodi. Shanti yako iko katikati, na ukuta umekuwa njia ya pili sambamba nayo. Sehemu ya mkondo inazunguka huko, shanti inasoma pungufu.

La pili: pini ya TX (ya kutuma data) ya ile bodi ya USB iko juu wakati wote, 3.3 V au 5 V, na inaingiza umeme kwenye chipu kupitia daiodi zake za ulinzi. Bodi inakula kutoka laptop, betri inapumzika, mita inashuka.

Chomoa waya zote za seriali wakati wa kupima. Siyo kuzima programu kwenye kompyuta, bali kuchomoa waya zenyewe. Kama ni lazima uone ujumbe, laptop itoke kwenye chaja, na waya iwe ya kutoka kwenye traka kwenda laptop tu, pamoja na gandi.

Sasa hiyo 1.92 mA. Tafuta walaji wake, mmoja mmoja. Angalia taa nyekundu ya Pro Mini: rizista yake ukikuta 1 k, taa inashika 1.9 V, kwa 3.3 V inakula (3.3 − 1.9) / 1000, yaani 1.4 mA. Inawaka usiku kucha ndani ya boksi lililofungwa. Kisha mgawanyo wako wa kupimia volti za betri, ni rizista gani?

---

traka_moro

Ni 10 k na 10 k. Na kutoka TX ya Pro Mini kwenda RX (pini ya kupokea) ya modemu kuna rizista ya 10 k.

---

shanti_ndogo

10 k na 10 k kwenye 3.9 V ni 195 µA, mchana na usiku. Weka 1 M na 1 M, itakuwa kama 2 µA. Lakini ADC ya ATmega328P, sehemu yake inayosoma volti, inataka chanzo cha 10 k au chini, kwa hiyo weka kapasita ya 100 nF kutoka kwenye pini ya ADC kwenda gandi, la sivyo namba za betri zitakudanganya.

TX: umekata umeme wa modemu kwa MOSFET, ila pini ya TX imebaki juu. Inaingia kwenye RX ya modemu, inapita daiodi ya ulinzi, inalisha modemu iliyokatwa. (3.3 − 0.7) kwenye 10 k ni 0.26 mA. Kwenye programu, kabla ya kuzima MOSFET, funga seriali, kisha weka pini hiyo LOW (volti sifuri). Pini ya GPS vilevile. Ukifunga seriali tu bila kuiweka LOW, kazi bado haijaisha.

---

traka_moro

Matokeo, badiliko moja baada ya jingine, betri 3.9 V, renji ya 2000µ:

Mwanzo 1920 µA. Nimeng'oa taa: 530. Mgawanyo wa 1 M na 1 M: 340. TX na GPS LOW kabla ya kukata: 80.

Modemu haijawahi kuzima tena tangu nibadilishe waya za mamba. Ila kwenye betri niliyotoa kwenye laptop kuukuu bado inazima mara mojamoja nikiwa mbali na mnara.

---

maabara_50Hz

Mbali na mnara modemu inapandisha nguvu mpaka watt 2 kwenye 900 MHz, ndiyo hapo ampia 2 zinatokea kweli. Karibu na mnara inashushwa, na kipimo chako kinapendeza kuliko uhalisia. Kwa hiyo jaribio la mkondo wa juu lifanye kwenye mawimbi hafifu: ingiza traka ndani ya sufuria, funika nusu. Usichomoe antena badala yake.

Betri ipime hivi. Vuta 0.1 A, soma volti kwenye terminali zake. Vuta 1 A, soma tena ndani ya sekunde chache. Mfano 3.98 ikashuka 3.86: 0.12 V kwa tofauti ya 0.9 A ni 0.133 ohm. Juu ya hapo ongeza ukinzani wa MOSFET mbili za bodi ya ulinzi, kama miliohm 50. Kwa ampia 2 umepoteza 0.37 V. Betri ikiwa 3.75 modemu inaona 3.38, na kikomo chake ni 3.4. Seli mpya nzuri iko karibu na 0.05 ohm. Ile ya laptop iondoe kwenye kazi hii, au ongeza 1000 µF yenye ukinzani mdogo sambamba na modemu, nyuma ya MOSFET, ili uvujaji wake ukatwe pamoja na modemu ikilala. Hiyo kapasita ikiwa tupu inavuta kwa nguvu MOSFET inapofunguka, kwa hiyo fungua geti polepole: rizista ya 10 k na kapasita ya 100 nF.

Siku sasa. Kuamka: 90 mA × 40 / 3600 ni 1.0 mAh kila saa, sawa na 1.0 mA mfululizo. Kutoka 2600 mAh toa asilimia 20 kwa sababu huwezi kushuka chini ya 3.4 V, inabaki 2080. Zamani: 2080 / 2.92 ni saa 712, siku 30 kasoro. Sasa: 2080 / 1.08 ni saa 1926, siku 80. Karatasi yako ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

---

shanti_ndogo

Na 80 µA zilizobaki ni regyuleta. Pro Mini nyingi zina MIC5205, na hiyo peke yake inakula kama 80 µA kwenye mzigo mdogo. MCP1700 ya 3.3 V inakula 1.6 µA, inapokea mpaka 6 V, inatoa mpaka 250 mA. Inatosha kwa chipu na hakuna tatizo kwa 18650. Weka kapasita ya 1 µF kuingia na 1 µF kutoka, seramiki.

Ila ing'oe MIC5205 yenyewe kwenye bodi. Watu wanaunganisha MCP1700 moja kwa moja kwenye pini ya VCC na kuiacha ile ya zamani mahali pake. Inalishwa kinyumenyume kupitia mguu wake wa kutoa, inavuja, na mita inaonyesha karibu namba ileile ya mwanzo. Hewa ya moto 300 °C hivi, miguu mitano, inatoka kirahisi. Kama huna, kata mguu wa kutoa kwa wembe karibu na mwili. Ukimaliza pima tena kwenye 2000µ, na hapo itabidi usome tarakimu moja ya mwisho tu, au urudi kwenye 2400 na renji ya 1 mA.